Mchumba Wangu Ameninunia Pichani

Mama mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo wazazi wa mchumba wangu wanakuja kwetu kupanga tarehe ya ndoa, na mimi nimeshaandika ujumbe wa kuvunja uchumba, uko kwenye simu, bado kuutuma tu.

Mimi ni mpiga picha za pasipoti, nina chumba kidogo chenye kiti kimoja, taa mbili na shuka jeupe ukutani, na kazi ni ileile kutwa, kaa wima, funga mdomo, usicheke, napiga, nakata, nampa mtu picha zake nne. Zamani sikujali sura ya mtu, lakini tangu mwajiri wangu wa kwanza anichekee asubuhi na mchana anikabidhi barua ya kuachishwa kazi, moyo haujatulia, kila uso nauona umenikasirikia, wateja, majirani, hata mchumba wangu ambaye ni fundi bomba na mtu mpole, akinyamaza tu namuuliza umekasirika, anasema hapana, nauliza tena na tena mpaka anakasirika kweli, na mimi najiambia si unaona, nilijua. Dada yangu ananicheka, eti nimekuwa kuku anayetafuta mwewe ndani ya nyumba. Basi juzi mchumba akaja nimpige picha ya kitambulisho cha kazi, alipoondoka nikaikuza kwenye kompyuta, jamani, macho makavu, midomo imebanwa, hata jino moja halionekani, nikalia palepale. Mtu anayenipenda anawezaje kunitazama vile? Niutume ujumbe au nisiutume?

Mpiga Picha Mwenye Mashaka

JIBU

Marahaba, binti yangu. Usiutume.

Pole kwa kazi uliyopoteza. Ile iliuma, na aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Ubongo wenye wasiwasi ni kama mlinzi aliyewahi kuibiwa: kila apitaye kwake ni mwizi. Uso wa hasira anauona upesi kuliko wengine, na uso uliotulia tu, usio na habari yoyote, anauhesabu kuwa wa hasira pia, asije akashtukizwa tena. Huna wazimu. Lakini mlinzi wa namna hiyo haachiwi aamue mambo ya ndoa.

Sasa nikugombeze kidogo. Mwenye uso amekujibu "hapana" kwa mdomo wake, wewe ukaenda kuyaamini macho yako! Kuanzia leo uliza mara moja, jibu likija lipokee, unyamaze, hata kama moyo unakwenda mbio. Usingizi na chakula vikikukimbia, nenda zahanati ukaseme kama ulivyoniandikia, wasiwasi unatibika. Ujumbe ufute leo, si kesho. Na kabla wageni hawajaingia Jumamosi, mweleze mwenzio yaliyokupata kwa yule mwajiri, maana katika barua yote sijaona mahali ulipomwambia.

Tumalizie na ile picha. Hebu rudia kusoma barua yako mwenyewe. Nani alisimama nyuma ya kamera akamwambia fundi bomba wa watu afunge mdomo, asicheke? Alikutii, maskini. Nenda kamwambie sasa anaweza kucheka.