Nilikisogeza Kiti cha Baba

Mpendwa Mama Kageha, naomba msaada, kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki ninayeketi naye darasani: huo mzimu wa nyumbani kwetu ni mimi.

Niko Form Three, naishi na Mama peke yetu hapa Eldoret. Baba alitutoka mwaka jana. Siku za matanga watu walisukuma makochi ukutani ili wageni watoshe, mistari miwili ikitazamana, na kiti cha Baba kikawekwa mbele peke yake, kwenye kona ya giza, na miezi ikapita vyote vikiwa hivyo, Mama alisema kisiguswe, basi tukawa tunakaa pale kama watu wanangoja kuitwa na daktari, hatuongei, yeye anaangalia hicho kiti tu.

Sasa mwalimu wetu wa Art, Mr Wabuge, alituambia chumba kinaweza kumfinya mtu roho au kumpumzisha, kwamba viti vikikaa duara watu huongea bila kuambiwa, na manjano hushika hata jua dogo kama letu la Julai. Nikaanza na pazia, nikamwambia Mama lile la kahawia ni chafu, nikaweka la manjano, hakukataa. Halafu kila akienda mazoezi ya kwaya nikawa nasogeza kiti cha Baba nusu rula kuelekea dirishani, na makochi nayo kidogo kidogo yaingie duara, nilidhani hataona.

Aliona. Nilimsikia akimwambia rafiki yake kwa simu, "Mama Bridgit, haki ya Mungu, Obonyo anarudi. Kiti chake kinatembea! Si unajua vile alipenda jua?" Na alikuwa anacheka, Mama Kageha, sikuwa nimesikia hicho kicheko tangu mazishi. Siku hizi anakunywa chai pale dirishani, anakiambia kiti habari za kazini, juzi aliimba. Wiki moja sikusogeza, akaniuliza, "Nyathina, mwanangu, kwani Baba hajaja?" Nikasogeza.

Lakini Mama Bridgit amewaambia akina mama wa kanisa, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanakuja kukemea roho, wamesema kiti kitolewe nje kichomwe. Mama amekubali, ila tangu akubali amefunga pazia na analia. Nikisema ukweli atajua Baba hakurudi, nikinyamaza kiti kitachomwa kwa sababu yangu, nifanye nini, nasikia ndara zake kwenye koridoo, wacha nifiche hii karatasi kwa kitabu cha Bio

*Mama Kageha anajibu:*

Pole, mwanangu, pole sana kwa baba. Sasa keti nikugombeze.

Siku ya kwanza uliposukuma kile kiti, yalikuwa mapenzi. Siku mama yako alipokuuliza kama Baba amekuja, nawe ukasukuma tena, huo ulikuwa uongo, na unajua. Mjane haachwi azungumze na marehemu huku mtoto wake amejibanza nyuma ya mlango.

Lakini usijitese. Watu wazima wangapi wameingia hiyo sebule, wakanywa chai, wakaomba, wakaenda zao? Hakuna aliyeona kwamba makochi bado yalikuwa matangani. Wewe uliona. Na kuna kitu hukuona: kiti hakikumchemshia mama yako chai. Hakikumfungulia pazia asubuhi. Alitembea mpaka kwenye jua kwa miguu yake, na miguu hiyo bado anayo.

Gazeti hili linatoka Alhamisi, na Jumamosi yenyewe ni keshokutwa. Mwambie leo jioni, mkiwa wawili. Usianze na somo la rangi na maduara. Anza hivi: "Mama, ni mimi." Akilia, kaa. Akifoka, kaa. Akitulia, mwombe mkishike kile kiti pamoja, yeye upande huu, wewe upande ule, akiweke anapotaka yeye, hata kama ni kule kwenye giza. Ni kiti cha mumewe. Kisha ampigie Mama Bridgit mwenyewe: akina mama waje, waketi duara, wanywe chai, na kiberiti wakiache kwao.

Mdomo ukikataa, fungua ukurasa huu uuweke juu ya kiti cha Baba. Na ukisikia ndara kwenye koridoo, usiufiche.