Nilimsomea Mkwe Wangu Kifurushi Mbele ya Watu

Mshauri wetu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye mkubwa basi tusalimiane kimoyomoyo tuendelee, maana jambo lililonikalia kifuani ni zito na tena tamu, na sijui nilibebe kwa mkono upi.

Mimi ni mama wa makamo, shule niliishia darasa la saba, namcha Mungu, na kwa miaka kumi na moja kazi yangu ni kufunga vitabu katika kiwanda kidogo kinachochapa maandishi ya wasioona, yale ya nukta zilizotokeza yanayosomwa kwa vidole. Mashine ikishapiga nukta, mimi nazipanga karatasi, natoboa pembeni, napitisha uzi, natia gundi kwenye jalada. Meza yangu inapakana na ya mhakiki wetu, ambaye haoni, sote tunamwita Vidole, na hakuna ukurasa unaotoka pale kabla hajaupapasa.

Sasa kompyuta ya Vidole inaongea, lakini ile inayoendesha mashine kubwa ni bubu, ina kioo cheusi na maandishi meupe basi, hakuna picha wala cha kubofya, kwa hiyo tangu zamani kila programu mpya ilipotakiwa kuingizwa ananiita, "Dada, njoo uniazime macho," ananitajia herufi moja moja, apt, acha nafasi, show, acha nafasi, halafu jina la kifurushi, maana programu za humo huja zimefungwa pamoja na huitwa vifurushi, nami nabonyeza kwa kidole kimoja na kioo kinajaa habari zake zote, kinaitwaje, ni toleo la ngapi, kinakula nafasi kiasi gani, nani anakitunza, kinategemea vifurushi gani vingine, hakipatani na vipi, na mwisho kazi yake ni nini. Hapo hakuna kinachoingia wala kutoka, ni kutazama tu, kama kusoma karatasi ya dawa kabla hujaimeza. Ni Kiingereza kitupu, lakini maneno ni yaleyale kila mara, Vidole alinieleza moja moja na mimi nikayaandika nyuma ya daftari langu la nyimbo za ibada, Mungu anisamehe, sikuwa na karatasi nyingine.

Fundi wetu wa kompyuta alistaafu, akaajiriwa mpya, na huyo mpya ni mume wa binti yangu wa kwanza. Ni kijana msomi, ana adabu, akinikuta mlangoni ananipokea mkoba, kasoro yake ni haraka tu.

Jumatano iliyopita, saa nne asubuhi, tulikuwa tunachapa mitihani ya watoto wasioona, na ilitakiwa kuondoka Ijumaa. Mkwe wangu akasema mashine inajikokota, amepata kifurushi cha kusukuma kazi haraka, akaketi, akaandika amri ya kukiingiza, na mwishoni akaweka ndiyo kabisa, ile ndiyo ya mapema inayoifanya mashine isikuulize kitu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na brashi ya gundi mkononi.

Nikamwambia, "Baba, umekisoma?"

"Kusoma nini, Mama?"

"Habari zake. Kabla hakijaingia."

Akacheka, akasema, "Mama yangu, hakuna duniani anayesoma hayo. Rudi kwenye gundi yako, itakauka." Vijana wa kupakia maboksi garini, waliokuwa pale, wakaangua kicheko, na mimi nikasikia uso unawaka.

Ndipo Vidole akasema kutoka mezani kwake, bila hata kugeuka, "Mimi nayasoma. Nayasoma kwa macho ya huyo dada. Fundi, hebu mpishe."

Mshauri, nilipita hivi mbele ya mkwe wangu, nikafuta ile amri yake, ambayo alikuwa hajaituma, herufi kwa herufi, nikaandika yangu, na nikaanza kusoma kwa sauti kama nasoma neno ibadani. Jina. Toleo. Ukubwa. Mtunzaji. Vinavyotegemewa. Nilipofika kwenye mstari wa visivyopatana nikaweka kidole juu ya kioo, maana jina lililoandikwa pale ni la programu yetu ile inayogeuza herufi kuwa nukta, ambayo bila hiyo mashine ni bati tu.

"Soma tena hapo," Vidole akasema. Nikasoma tena.

Mkwe wangu akasema, "Hayo ni maandishi ya kawaida, Mama, hayana maana hiyo." Lakini mkurugenzi wetu, mwanamke asiyepandisha sauti, alikuwa ameshasimama mlangoni na kikombe chake, akamwambia, "Basi andika tena amri yako bila ile ndiyo ya mapema, tuone mashine itauliza nini."

Akaiandika, akaiendesha. Kioo kikaorodhesha: kinachoingia ni hiki, kitakachoondolewa ni programu ya nukta, je, tuendelee, ndiyo au hapana? Mkwe wangu akabonyeza hapana, mwenyewe. Vidole akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Humu ndani mimi ndiye nisiyeona, au kuna mwingine?" Na mashine ikaendelea kugonga nukta zake, tak, tak, tak, na Ijumaa mitihani yote iliondoka, maboksi thelathini na mawili, na jalada la kila kijitabu nimelibandika kwa mkono huu.

Jioni ile mkurugenzi aliniita, akasema hakuna kifurushi kitakachoingia tena kiwandani bila mimi kukisoma, na anataka niwe msimamizi wa chumba cha mashine, hata fundi awe chini yangu. Nimjibu Jumatatu ijayo. Nilitoka pale nikaenda chooni, nikafunga komeo, nikacheza. Nilicheza, mshauri, mama mwenye wajukuu, mpaka kitambaa cha kichwani kikanidondoka.

Lakini binti yangu amenipigia simu. "Mama, umemvua nguo mume wangu mbele za watu, hali chakula, hasemi. Kama unanipenda, ikatae hiyo kazi." Na mkwe wangu siku hizi anapita upande wa pili wa korido. Nimemwomba Mungu anionyeshe kama furaha yangu ni kiburi, na kila nikipiga magoti naanza kutabasamu. Nifanyeje? Nikatae, nyumba ya mwanangu itulie?

Mimi, mfungaji vitabu.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, maana nimekuzidi, ingawa si kwa mengi.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Sasa nisikilize. Umeniandikia mengi juu ya uso wa mkwe wako, na watoto ambao wangekaa mbele ya karatasi tupu siku ya mtihani umewapa sentensi moja. Wao wana uso pia. Wangepapasa karatasi laini tupu huku wenzao wanaandika. Pima hapo.

Unauliza kama furaha yako ni kiburi. Mwenye kiburi huita watu waje wamtazame akicheza. Wewe ulifunga komeo. Hiyo ni shukrani, na ukiona tabasamu linakuja umepiga magoti, liache. Unadhani Mungu hapendi kulitazama?

Nakugombeza kwa jambo moja. Miaka yote hiyo unasoma habari za vifurushi na kila mtu pale anakuona mama wa gundi, nawe ukakubali kuwa hivyo. Ukijidharau usishangae vijana wa kupakia wakicheka.

Je, ungemvuta mkwe wako pembeni? Ungefanya hivyo kama kidole chake kisingekuwa juu ya kitufe. Ulimuuliza kwa adabu, ukamwita baba, yeye akakutuma kwenye gundi. Wewe ulisoma kilichoandikwa. Aliyemvua nguo ni ile ndiyo yake.

Jumapili, ukitoka ibadani, nenda kwao. Usiende kuomba radhi kwa kusoma, nakukataza. Mwite nje, mkiwa wawili, na umshukuru, kwa sababu aliyebonyeza hapana ni yeye. Wako mafundi ambao wangebonyeza ndiyo kwa ubishi tu, huku wanaona. Kisha mwambie unayajua maneno ya kwenye daftari lako lakini hujui kila kifurushi kinavyofungamana na kingine, na unataka akufundishe. Fundi hakatai kufundisha. Binti yako ukimkuta jikoni, mwambie hivi: "Mwanangu, kama kazi ya mumeo ingeharibika Jumatano, leo mngekuwa mnalia wote." Usiongeze neno. Kaa ule chakula chake.

Jumatatu nenda kwa mkurugenzi na uvae ile nguo yako nzuri. Akikuuliza kama unakubali, usiweke ndiyo ya mapema kama mkwe wako. Mwambie akusomee kwanza habari za hiyo kazi, kwa sauti, na Vidole awepo asikilize: jina lake, saa zake, mshahara wake, inategemea nini, haipatani na nini. Asome mpaka mstari wa mwisho.

Halafu bonyeza ndiyo.