Puli Tuliyoipigia Kura

Karakana ya Boti,
Nyuma ya Gati.
Ijumaa, tarehe 14.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani wewe na hilo goti lako? Bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi huku tu wazima, ila mimi nimechoka: mgongo, viganja, hata sauti, ambayo unajua haina kawaida ya kuchoka.

Katika barua yako ulimuuliza Baba kwa nini Mama alikosa kliniki Alhamisi ya wiki iliyopita. Akakujibu kwamba maji yalichafuka. Shangazi, maji yalikuwa shwari. Aliyechafua ni mimi, na sitaki uongo huo uendelee kukaa mezani kwako.

Tangu chuo kinisimamishe kwa ajili ya mgomo, nashinda karakanani, na mafundi wawili wa Baba wananiita Mwenyekiti. Boti ilikuwa ikitetemeka hadi vikombe vinatembea. Baba akagundua kwamba puli ya mbele ya krenki, ile nzito yenye pete ya raba inayomeza mtetemo wa injini, imekwisha. Mpya ikapatikana Jumatano, na kesho yake ndiyo siku ya Mama kuvushwa ng'ambo.

Baba haingizi puli kwa kugonga, huivuta hadi ikae mahali pake. Hutumia bolti ndefu na nati, akiisogeza robo mzunguko kwa robo mzunguko. Bolti yake ilikuwa imelika meno, basi akaenda kwa fundi wa kukereza chuma atengenezewe nyingine. Nasi tukabaki kungoja. Nani aliyeamuru kwamba kazi ya dakika kumi ichukue siku nzima? Kwa nini mazoea ya mtu mmoja yawe sheria ya wote? Niliyasema hayo nikiwa nimesimama juu ya kreti, kisha nikaitisha kura. Tatu kwa sifuri: nyundo.

Iliingia kwa mapigo kumi na moja. Tukashangilia.

Baba alirudi na bolti yake mpya imefungwa kwenye gazeti. Aliitazama puli, akanitazama mimi.

"Na yenyewe ilipiga kura?"

Fundi mmoja akacheka, kisha akakumbuka kwamba naye alinyoosha mkono.

Alhamisi asubuhi tulipoijaribu injini, raba iliyoumizwa na nyundo ikaachia, pete ya nje ikachomoka na kukata mkanda. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi la gati, kadi ya kliniki mkobani, amevaa viatu vinavyombana tangu miguu ianze kuvimba. Hakunigombeza. Alivivua tu, akarudi nyumbani peku. Nimewahi kuhutubia umati wa maelfu, Shangazi. Siku ile nilimfuata nyuma tu, nimembebea viatu.

Puli nyingine ilichukua siku nne kupatikana. Spana Baba alinipa mimi, si mafundi. Yeye akakaa juu ya ndoo, na kila nilipoharakisha alisema, "Mwenyekiti, pumzi." Saa mbili nzima. Viganja vimetoka malengelenge, na bega hili silihesabu tena kuwa langu.

Jana Mama alivuka. Aliweka kikombe cha chai juu ya kifuniko cha injini, akakitazama hadi ng'ambo. Hakikutembea. Daktari amembadilishia dawa, na ameonya tusikose tena.

Nilimuuliza Baba kwa nini alikudanganya. "Dada yangu namjua," akasema. "Angepanda chombo cha kwanza kuja kukuvuta masikio, na goti lenyewe lile."

Kuhusu chuo, msimamo wangu ni ule ule. Hatukukosea, na barua ya kuomba radhi wanayoidai sitaiandika. Niliyoona inanipasa kuiandika ni hii yako.

Nisalimie binamu zangu wote, na yule bibi wa ghorofa ya chini anayekupokelea barua. Ukimwandikia Baba, usimwambie kwamba unajua. Muulize tu kama maji yametulia.

Mungu alihurumie goti lako, akuweke hadi tuonane.

Akupendaye bila kura,
mwana wa kaka yako,
Mwenyekiti.