Soksi za Sufu

Jumamosi, Maskati

Kumbe ubani ule ulinunuliwa hapahapa, soko la Matrah! Na dada Zuwena alinikabidhi kwa mikono miwili: "Zawadi yako ya Salala." Maana msafiri harudi mikono mitupu, na Salala ndiko kwao ubani; bila huo ningeuliza.

Siku kumi nililala kwa mama, likizo yangu yote, ili Zuwena na mumewe na wanawe wakapumzike Salala.

Leo nimekwenda kumpaka mama mafuta ya miguu, nikamkuta kavaa soksi nene za sufu, zina maua mekundu. Maskati hii, joto hili!

"Nani kakuletea?"

"Zuwena. Kasema huko Bosnia, kijiji juu ya mlima, nyumba za mawe, bibi mmoja kakaa mlangoni anafuma..." Kisha akajiziba mdomo kwa kiganja.

Bosnia. Mimi ndiye niliyemwonyesha Zuwena picha za kijiji hicho. Mimi ndiye niliyesema, inshallah mwaka huu twende sote.

Nilidhani nitamkasirikia dada peke yake. Mama akanishika mkono.

"Usinune, mwanangu. Mie ndo nlomwambia asikwambie. Ungejua, ungetaka kwenda. Na mie nna nani mwengine?"

Kila usiku alikuwa akiwaombea dua wasafiri wetu wa Salala, na mimi pembeni yake naitikia amina.

Kesho nitampaka mafuta kama kawaida, mama ni mama. Lakini soksi hizo atazivua mwenyewe.