Taka za Juu ya Chemchemi

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Babu yako goti bado linamsumbua, lakini kabichi zimefunga vizuri, na mjomba wako amepata kazi ya mbao kule Shume.

Umeuliza ni nani aliyemwaga taka korongoni, juu ya chemchemi yetu. Ni sisi, mjukuu wangu, na tulikuwa tunafanya usafi. Nilipokuwa msichana, siku ya msaragambo kijiji kizima kilitoka kufagia soko. Tulibeba kwenye matenga kabichi zilizooza, betri na makopo ya dawa ya nyanya, huku tunaimba. Nikamuuliza mama, "Tunazipeleka wapi?"

"Mbali," akasema.

Tukamwaga korongoni. Soko likang'aa, nasi tukashuka chemchemini kunawa mikono.

Sasa maji yale yamepimwa na tumekatazwa kuyanywa. Tunachota kwenye tangi. Vijana wenye glovu na buti wanachimbua taka zote na kuzipakia kwenye malori. Nafurahi, halafu sijui kama nifurahi. Jana nilimuuliza msimamizi wao, kijana mpole tu, "Mnazipeleka wapi?"

"Mbali, bibi," akasema.

Lori likateremka njia ya Mombo. Nikabaki nimesimama barabarani kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Wewe uliyesoma, hebu niambie: watu wa huko mbali wanachota maji wapi?

Bibi yako anayekuombea,
Mama Hadija