Madumu Mawili Meupe

Dada yangu mkubwa, kiranja wetu wa maisha,

Shikamoo. Pokea na ya pili, maana najua ya kwanza umeipokea umenuna. Habari za hapo? Mgongo wa baba unasemaje? Na mama, bado anaficha sukari ndani ya ndoo ya unga akidhani hakuna anayejua? Mimi huku ni mzima, nimerefuka, na ndevu zimeota tatu, zote upande mmoja. Shangazi naye ni mzima wa mwili. Haya, mazuri yameisha.

Sasa nisikilize. Ujumbe wako umenifikia, ule wa eti mmesikia Shangazi katia sumu kwenye mboga za watu, eti baba siku mbili hajala kwa aibu ya dada yake, eti nijieleze. Niliusoma nimesimama, nikaitupa simu kitandani, nikaiokota, nikausoma tena. Nani kawaambia? Usijibu, namjua. Ni yule mama wa figili wa hapa shambani kwetu, ambaye simu yake haiishi chaji wala salio. Mwambie ulimi wake nao uoshwe kwa sabuni huku akihesabu mpaka ishirini, kama tulivyofundishwa kuosha mikono. Nina hasira, dada. Nikikosea herufi, ujue ndizo zinazoandika, usianze kunikumbusha kwamba niliishia darasa la sita.

Shamba lenyewe ni kiwanja nyuma ya ghala la matairi. Tuko familia tisa, wote watu wa kuja na mabegi kama sisi, kila familia na matuta yake. Ijumaa tunavuna na kuosha mboga katika chumba kimoja chenye beseni kubwa la bluu, Jumamosi tunapeleka sokoni. Lakini wenye kiwanja walisema hakuna atakayeuza hata jani kabla hajafundishwa usafi wa chakula, na mafunzo yenyewe ni kwa lugha ya hapa. Sasa katika shamba zima, nani anaimwaga lugha ya hapa kama maji? Mdogo wako! Mwalimu akisema, nawageuzia wakulima. Wakulima wakijibu, namgeuzia mwalimu. Wakanipa jina la Redio. Mwalimu akikohoa tu, utasikia mtu huko nyuma anasema haya, washeni redio. Nilipewa na beji ya kuning'iniza shingoni. Nililala nayo wiki nzima, usicheke.

Mwalimu tunamwita Mwalimu Glavu, kwa sababu hata kalamu anaishika na glavu. Siku ya kwanza kabisa alituuliza kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa, kama huko tulikotoka sabuni ipo. Dada, nilichemka. Nikaligeuza swali neno kwa neno, makusudi, walisikie lilivyo. Shangazi, mkunga kwa miaka ishirini na miwili, ambaye wewe mwenyewe ulitokea mikononi mwake ukipiga kelele, akauliza kwa upole kama mwalimu ameishiwa sabuni tumwazime. Watu wakavunjika mbavu. Hilo sikumgeuzia. Nilimwambia kwamba mama huyu anashukuru kwa swali zuri. Mwalimu akafurahi, naye akacheka.

Siku hiyohiyo akatupaka unga fulani mikononi, tukanawa, akazima taa na kuwasha nyingine ya zambarau. Uchafu uliobaki unang'aa. Mikono ya mzee wa nyanya, ambaye ndiye mpuliza dawa wetu, iliwaka kama bango la duka. Yangu tuiache. Mikono ya Shangazi haikung'aa hata kwenye kucha. Mwalimu akaitazama mara mbili. Huyo ndiye mnayeambiwa ni mchafu!

Basi Ijumaa moja ya mwezi jana zamu ya kuandaa maji ilikuwa yake. Kwenye kibanda cha vifaa, rafu ya karibu na mlango, kulikuwa na madumu mawili meupe, kimo kimoja, vifuniko vya rangi moja. Moja ni la kuulia vijidudu kwenye maji ya kuoshea mboga. La pili ni la kuulia wadudu wa kabichi, na hilo Shangazi hakuwahi kuligusa maishani mwake. Maandishi ni ya lugha ya hapa, madogo kama miguu ya sisimizi. Nakuuliza wewe uliyesoma: mtu mwenye akili timamu anawekaje vitu hivyo bega kwa bega, halafu anawafundisha wenzake usalama? Shangazi alinawa, akavaa glavu, akapima kwa kifuniko vilevile tulivyoelekezwa, akamimina. Dumu silo.

Saladi za familia zote tisa zikapita katika beseni lile. Mwalimu Glavu akaingia, akanusa, akapiga kelele watu waache kila kitu. Mwambie baba hili kabla ya lingine lolote: hakuna jani lililofika sokoni, hakuna mtu aliyetia hata kipande mdomoni. Lakini mavuno yote yaliingia kwenye mifuko myeusi ya taka, na Jumamosi meza yetu ilikuwa tupu, wateja wanapita wanatutazama kama sanamu.

Jumatatu Shangazi akaitwa ofisini. Wakulima walibaki nje. Ndani tulikuwa yeye, mimi na beji yangu, Mwalimu Glavu, na wakubwa wawili wa kiwanja. Wakaamua kwamba Shangazi asiingie tena chumba cha kuoshea, asisimame mezani sokoni, na mwisho wa mwezi huu matuta yake apewe mtu mwingine. Matuta ambayo aliyaanza kwa kuokota vipande vya chupa kwa vidole vyake, ndoo baada ya ndoo! Sasa watoto wa mama wa figili wanamwita Mama Sumu. Mmoja nilimshika sikio, Shangazi akaniambia nimwachie, mtoto husema analolisikia nyumbani. Anamwagilia mchana wa jua kali wenzake wakiwa wameondoka. Na akipika siku hizi, huonja yeye kwanza mbele yetu, halafu anakaa anatutazama tukila. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo.

Dada, kama unamsomea baba, hapa kikohozi kikushike kidogo, usome peke yako.

Somo la tatu lilikuwa la maji. Mwalimu alinyanyua dumu moja, akalitaja kwa jina refu ambalo sikulijua, akaeleza muda mrefu, na nakumbuka vizuri alionyesha na la pili, akatikisa kidole. Mimi nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na utani nausubiri kuutoa. Nikafupisha. Nikawaambia kila beseni la maji tieni dawa, kifuniko kimoja. Dawa! Kwetu sisi cha kikohozi ni dawa, cha mende ni dawa, cha meno ni dawa, mpaka cha viatu. Shangazi akanyoosha mkono, akauliza dawa gani. Nami mbele za watu nikamjibu kwamba dawa ni dawa, Shangazi, lile dumu jeupe, au unataka na cheti cha daktari? Watu wakacheka. Na yeye akacheka.

Lingekuwa hilo tu, ningeliita kosa. Lakini kule ofisini aliambiwa aseme lake. Akasimama, akasema polepole. Alisema aliuliza ni dawa gani, akaambiwa dumu jeupe, na madumu meupe yapo mawili. Alisema anaomba yatenganishwe kabla hajakosea mwingine. Hakunitaja jina. Alisema tu, niliambiwa. Kisha wote wakanigeukia mimi. Nikajua nikiligeuza lile neno, swali litakalofuata ni nani alimwambia. Nikawaambia: anakiri kosa, anaomba radhi. Wakaandika, wakafunga faili.

Sasa unajua hasira zote hizi zinamtafuta nani.

Jana mchana nikamfuata kwenye matuta, nikamwambia yote. Nilitegemea kofi, nikawa nimeshafumba macho. Akaendelea kumwagilia mpaka mwisho wa tuta. Ndipo akasema alijua tangu siku ile ile. Yeye alisema maneno mengi na mimi nikatoa manne, na lugha ya hapa haijui ila kuhesabu anajua. Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza. Akasema angesema kwa mdomo wa nani, wakati redio ilikuwa moja?

Akaniambia machozi yangu hayamsaidii kitu, ndoo ya maji anayo. Anachotaka ni turudi ofisini, mkalimani awe mwingine, na mimi nikae upande wa wanaoulizwa. Kinyozi wa kona, anayezijua lugha zote mbili, amekubali. Ni kesho saa tatu asubuhi. Beji nimeshaivua, nitawakabidhi. Kama watamrudishia matuta sijui, wala sitawadanganya kwamba najua.

Nisalimie mama, nisalimie majirani wote waliotuulizia kwa wema, na waliotuulizia kwa umbea wasalimie nusu. Baba mwambie nitamwandikia mwenyewe.

Barua hii Shangazi ameisoma kabla sijaifunga, miwani puani, kidole kwenye kila mstari. Amefuta sentensi moja tu, ile niliyoandika kwamba yeye hana kosa lolote. Anasema mkono uliomimina ni wake, na hilo nalo lifike kama lilivyo.

Ni mimi mdogo wako,
aliyekuwa Redio