Mhoja na Macho ya Bibi Yake

Jumatatu, 5 Juni 1995
Nimepata kazi! Karani wa mizani, kampuni mpya ya pamba. Naanza wiki ijayo. Mume wangu bado yuko Mwanza anahangaika tangu wampunguze kazini, kwa hiyo wa kubaki na mwanangu Mhoja ni mama mkwe tu, Mayu Kwandu. Haoni vizuri — ukungu machoni. Na leo kanuna. Eti mjukuu ana dharau, anaulizwa kitu hajibu. Anataka kurudi kwake Mwamapalala.

Jumanne, 6 Juni
Nimewachungulia kutoka jikoni. Bibi kauliza, umeshiba? Mhoja kaitikia kwa kichwa. Bibi kauliza tena. Mhoja kaitikia tena kwa kichwa, kwa nguvu zaidi.
Kumbe si dharau. Ana miaka minne, anadhani anachokiona yeye kila mtu anakiona.
Haondoki mtu hapa. Nitamfundisha.

Alhamisi, 8 Juni
Nimemfunga Mhoja kitambaa machoni. Nikatikisa kichwa, nikamwuliza: hapa nimekubali au nimekataa? Hakujua. Nikamwambia bibi yako yuko hivyo kutwa nzima. Akavua kitambaa, akakimbilia kucheza. Sijui kama kimeingia kitu. Kesho tena.

Ijumaa, 9 Juni
Tena. Mhoja kalia. Sijaacha.

Jumapili, 11 Juni
Baada ya misa Mhoja kachora ng'ombe mchangani, kamwita bibi aje kuona. Nikadhani kasahau. Bibi akachuchumaa. Mhoja akamshika kidole, akakipitisha kwenye mchoro taratibu: "Hii pembe. Hii nundu."
Bibi kacheka mpaka kanga ikamdondoka. Anasema Mwamapalala itangoja.
Nikaingia ndani, nikalia kidogo. Kesho naenda kazini.

Jumatano, 16 Agosti
Madaktari wa macho wamekuja kutoka Mwanza. Mayu Kwandu alikataa wiki nzima, eti uzee hauna dawa. Nikamwambia huo ukungu ni mtoto wa jicho, unatolewa. Nimeomba ruhusa kazini. Naandika hapa kwenye benchi la hospitali.
Bibi anapiga soga na nesi, anacheka. Anasema amezaa watoto saba, kisu hakimtishi.
Mhoja kaninong'oneza: "Bibi anaogopa. Anacheka tu."
Nikamwuliza, tumwambie asiogope?
"Hapana. Hataki tujue."

Sasa wameita jina. Bibi kasimama, lakini miguu haiendi. Mhoja kamshika mkono. Anamwambia, "Bibi, mimi naogopa ule mlango. Nisindikize."